Maji Hufuata Chumvi: Jinsi Vitu Vinavyopenya Utando wa Seli, na Sababu ya Kuzingatia Kipimo cha Chumvichumvi

Katika nyumba nyingi za Wilaya ya Kisarawe, kuanzia mjini hadi Maneromango, Mzenga na Vikumburu, pakiti ya chumvichumvi yenye maandishi ORS inajulikana kwa jina na kwa sura. Bei yake ni nafuu, matayarisho yake ni mepesi, na karibu kila mzazi amewahi kuitumia mtoto alipoharisha. Kwa sababu hiyo hiyo, ni dawa inayochanganywa kwa mazoea kuliko kwa kusoma. Mmoja huimimina katika chupa ya nusu lita kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Mwingine huongeza sukari ili mtoto aipende. Wa tatu huigawa pakiti mara mbili ili idumu. Wote wana nia njema, lakini utumbo wa mtoto hauitambui nia. Unatambua kipimo tu.

Somo hili lina lengo la kueleza kwa nini ni hivyo. Mtu aliyeambiwa tu kwamba pakiti fulani huchanganywa na lita moja ya maji anaweza kusahau. Aliyeelewa yanayotokea ndani ya mwili kipimo kinapokosewa hasahau kwa urahisi. Kwa hiyo tutaanza na seli na utando wake, kisha tutaingia jikoni kwa jaribio dogo, halafu tutarudi kwenye pakiti na mambo ya kuzingatia dukani na nyumbani.

1. Seli na utando wake

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, ambazo ni vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho bila darubini. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba uliofanywa kwa tabaka mbili za mafuta. Ndani ya tabaka hizo zimepachikwa protini za aina nyingi, na baadhi yake hufanya kazi ya milango.

Utando huu hupitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Hewa ya oksijeni hupenya moja kwa moja katika tabaka za mafuta. Sukari na chembe za chumvi haziwezi kufanya hivyo, zinahitaji mlango. Maji hupenya kidogo kidogo katika mafuta, lakini katika seli nyingi hupita kwa wepesi zaidi kupitia milango yake maalumu. Milango hiyo ya maji ilitambuliwa na mwanasayansi wa Marekani, Peter Agre, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

2. Kupanda na kuteremka

Vitu huvuka utando kwa namna mbili kuu: kwa kutumia nguvu au bila kutumia nguvu. Tofauti hiyo inaonekana katika maji ya bomba ya Kisarawe.

Maji hayo hutoka Mto Ruvu. Mji wa Kisarawe uko juu ya vilima vya Pugu, na maji hayapandi mlima yenyewe. Katika mradi wa Kibamba hadi Kisarawe, uliozinduliwa Juni 2020, pampu ndizo zinazoyasukuma hadi kwenye tangi lililoko juu, na pampu hutumia umeme. Lakini yakishafika katika tangi, maji huweza kuteremka kuelekea Pugu na Gongo la Mboto kwa mwinuko wa ardhi tu, bila kusukumwa.

Ndivyo ilivyo katika seli. Kitu kinapotoka mahali kilipo kichache kwenda mahali kilipo kingi, kinapanda mlima, na seli hulazimika kutumia nguvu zitokanazo na chakula. Kitu kinapotoka mahali kilipo kingi kwenda mahali kilipo kichache, kinateremka, na seli haitumii nguvu yoyote. Somo hili linahusu zaidi safari ya kuteremka. Ni safari isiyohitaji ruhusa, na hapo ndipo faida yake na hatari yake zilipo.

3. Njia tatu za kuvuka bila nguvu

Mtawanyiko wa kawaida. Kitunguu kikikaangwa jikoni, harufu yake hufika sebuleni hata kama hakuna upepo. Chembe za harufu hutoka zilipo nyingi na kusambaa zilipo chache. Oksijeni huingia katika damu kupitia mapafu kwa njia hiyo, na hewa chafu ya kabonidioksidi hutoka kwa njia hiyo hiyo.

Mtawanyiko wa kusaidiwa. Glukosi, ambayo ni sukari ya mwilini, haipenyi mafuta ya utando. Hupitia milango ya protini inayoitambua. Mlango hausukumi, hufungua njia tu, na glukosi huteremka kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache.

Osmosisi. Hii ni safari ya maji. Utando unapotenganisha pande mbili, na upande mmoja una chembe nyingi za chumvi au sukari zisizoweza kuvuka kwa urahisi, maji hutoka upande wenye chembe chache na kwenda upande wenye chembe nyingi. Kwa lugha nyepesi, maji huifuata chumvi. Msomaji akiyashika maneno hayo, sehemu kubwa ya somo hili ameshaipata.

4. Jaribio la jikoni

Kila aliyewahi kutengeneza kachumbari ameiona osmosisi. Nyanya, vitunguu na matango yaliyokatwa huwa makavu kiasi. Ukinyunyiza chumvi na kuacha bakuli kwa muda, unakuta maji chini yake. Hakuna aliyeyamimina. Yametoka ndani ya seli za mboga, yakaifuata chumvi iliyo nje. Maharage yaliyolowekwa usiku hutuonyesha safari ya upande wa pili: ndani ya punje mna chembe nyingi, nje mna maji matupu, basi maji huingia na punje huvimba.

Ukitaka kuwaonyesha watoto, fanya hivi. Kata vipande vyembamba vya tango vyenye unene sawa. Weka vichache katika bilauri ya maji matupu, na vingine katika bilauri ya maji yaliyokorogwa na vijiko vitatu vya chumvi. Subiri saa moja. Vya bilauri ya kwanza utavikuta vigumu, vikikatika kwa mlio ukivikunja. Vya bilauri ya pili utavikuta vimelegea. Maji hayo ya chumvi yasinywewe na mtu; yamwagwe.

Sasa tunamwomba msomaji afikirie kwamba badala ya kipande cha tango kuna utumbo wa mtoto mdogo.

5. Yanayotokea tumboni

Kwa siku moja, utumbo wa mtu mzima hupitisha takriban lita 8 hadi 9 za majimaji. Sehemu yake ni maji tunayokunywa na chakula tunachokula. Sehemu kubwa zaidi ni mate na majimaji mengine yanayotolewa na mwili wenyewe kusaidia uyeyushaji wa chakula. Karibu yote hurudishwa mwilini kupitia seli za utumbo. Kinachotoka kwa choo cha kawaida ni kidogo sana.

Kuharisha ni hesabu hiyo kuvurugika. Kipindupindu, ambacho kilizuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi nchini, ndicho kinachotuonyesha mvurugiko huo kwa uwazi mkubwa. Sumu ya kimelea cha kipindupindu haiyanyonyi maji ya mwili. Inachofanya ni kuziamuru seli za utumbo zimwage chembe za kloridi, ambazo ni nusu ya chumvi ya kawaida, ndani ya utumbo. Sodiamu, ambayo ni nusu ya pili, huzifuata. Na maji, kama tulivyosema, huifuata chumvi. Mtu mzima aliyeugua vikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Kwa nini basi asinywe maji matupu kufidia? Kwa sababu maji hayo hayana chumvi ya kurudisha, na hayana kitu cha kuyavuta kwa kasi ya kutosha kutoka tumboni kuingia katika damu. Mtoto aliyepoteza maji na chumvi akirudishiwa maji peke yake, chumvi katika damu yake huzidi kupungua, na hilo lina hatari yake.

Hapa ndipo ulipo mlango uliookoa maisha ya watu wengi. Katika seli za utumbo mdogo upo mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Sodiamu huteremka kuingia katika seli, na glukosi huvutwa nayo. Nyuma ya seli, pampu huitoa sodiamu kuelekea kwenye damu ili mteremko usiishe, nayo glukosi hutoka kwa mtawanyiko wa kusaidiwa. Pampu hiyo hutumia nguvu, lakini maji hayasubiri kusukumwa: chumvi na sukari zikishavuka, maji huzifuata kwa osmosisi. Jambo kubwa ni kwamba sumu ya kipindupindu haiufungi mlango huo. Mtoto anaharisha, na wakati huo huo mlango uko wazi.

6. Ugunduzi uliofika hadi dukani

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza mjini Prague jinsi sodiamu na glukosi zinavyovuka kwa pamoja. Mwaka 1968 watafiti waliokuwa Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Mwaka 1971, katika vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akiwahudumia wakimbizi mpakani India. Dripu zilikuwa hazitoshi. Akachanganya maji, chumvi na glukosi, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe, na vifo vikapungua sana.

Mchanganyiko huo uliendelea kurekebishwa. Kuna kipimo kinachoitwa miliosmoli, kinachoonyesha wingi wa chembe zilizoyeyuka katika maji. Damu ya binadamu ina takriban miliosmoli 290 kwa lita. Chumvichumvi za zamani zilikuwa na 311, yaani juu kidogo ya damu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza mchanganyiko mpya wenye 245, yaani chini ya damu, ili maji yaelekee mwilini kwa wepesi zaidi. Katika majaribio kwa watoto, uhitaji wa dripu ulipungua kwa takriban theluthi moja.

Lita moja ya mchanganyiko huo ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Jumla ni gramu 20.5. Ndani yake, idadi ya chembe za sodiamu na idadi ya chembe za glukosi ni sawa. Usawa huo ulipangwa kwa ajili ya ule mlango unaozipitisha pamoja.

7. Kipimo kinapokosewa

Tuchukue pakiti ya lita moja iliyomiminwa katika chupa ya nusu lita. Kiasi cha unga hakikubadilika, ila maji yamekuwa nusu. Kwa hiyo miliosmoli 245 zimekuwa 490, wingi unaopita ule wa damu kwa mbali. Sasa upande wenye chembe nyingi ni utumbo, na maji huanza kutoka mwilini kwenda tumboni. Mzazi anaona mtoto akizidi kuharisha, anadhani dawa ni dhaifu, anaongeza pakiti nyingine. Tango letu liko katika bilauri ya pili.

Pakiti ya lita moja ikichanganywa na lita mbili, kosa ni la upande mwingine. Sodiamu na glukosi huwa haba, na chumvi iliyopotea hairudi.

Kuongeza sukari nyumbani kuna madhara kama ya kupunguza maji. Vivyo hivyo soda. Soda ya kawaida hubeba takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, yaani takriban gramu 100 kwa lita, ilhali chumvichumvi zina gramu 13.5 tu. Isitoshe, soda ina sodiamu kidogo mno. Juisi zenye sukari nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu visitumiwe kuwa badala ya chumvichumvi, hata kama kibandiko chake kinasifu madini yaliyomo.

Madafu, ambayo hapa Pwani hayakosekani, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Mtoto anaweza kupewa kuwa nyongeza, pamoja na uji mwepesi au supu, ila yasichukue nafasi ya pakiti.

8. Namna ya kuchanganya na kunywesha

• Soma kwanza pakiti. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za ujazo mdogo zaidi. Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti uliyoishika.
• Nawa mikono kwa sabuni. Tumia maji safi na salama. Yakiwa yamechemshwa, yaache yapoe.
• Pima maji kwa chombo chenye ujazo unaojulikana. Chupa ya maji ya dukani huandikwa ujazo wake. Chupa mbili za mililita 500 ni lita moja; chupa moja ya lita moja na nusu si lita moja.
• Mimina unga wote. Usigawe pakiti kwa kukadiria kwa jicho.
• Koroga hadi unga uyeyuke. Usiongeze sukari, chumvi, maziwa wala soda. Usichemshe baada ya kuchanganya.
• Funika. Baada ya saa 24, mwaga kilichobaki na uchanganye upya.
• Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha; wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200; mkubwa zaidi anywe kadiri anavyohitaji.
• Mnyweshe taratibu, kwa kijiko au kwa kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.
• Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Muulize mtoa huduma kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Pakiti ikikosekana kabisa na njia ya kufika kituoni ni ndefu, lita moja ya maji safi ikorogwe na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe juu, visijazwe kilima. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo ni wa kusogeza muda tu hadi pakiti ipatikane.

Tunasisitiza jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wazazi wengi: chumvichumvi hazikukusudiwa kukomesha kuharisha mara moja. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi wakati ugonjwa unapita. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha huku anapona. Angalia macho yake, uchangamfu wake na mkojo wake, wala usihesabu choo peke yake.

9. Dukani

Nunua katika famasia au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Pakiti iwe haijatoboka. Unga mzuri ni mkavu na humiminika. Ukiwa umeganda kama jiwe au umegeuka rangi kuwa kahawia, usiutumie. Omba risiti na uihifadhi pamoja na pakiti tupu, kwa kuwa ndizo ushahidi wako ukiwa na malalamiko. Una haki ya kumwomba muuzaji akuonyeshe ujazo ulioandikwa, na yeye ana wajibu wa kukueleza kwa lugha unayoielewa.

10. Usisubiri nyumbani

Mpeleke mtoto kituo cha huduma za afya mara moja akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, macho yamedidimia, amelegea au ni vigumu kumwamsha, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Kwa wanaoishi mbali na kituo, mnyweshe chumvichumvi njiani kwa kijiko ikiwa bado anaweza kumeza. Huko atakapowekewa dripu, ataona kanuni ile ile ikifuatwa: moja ya dripu zinazojulikana zaidi ina gramu 9 za chumvi kwa lita, kiasi kinachokaribiana na wingi wa chembe za damu. Maji matupu hayawekwi katika mshipa, kwa kuwa yangeingia ndani ya seli za damu na kuzipasua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kachumbari hutoa maji baada ya kutiwa chumvi?
2. Pakiti ya lita moja imechanganywa na nusu lita. Maji yataelekea wapi, na kwa nini?
3. Jirani amempa mtoto anayeharisha soda ili apate nguvu. Utamshauri nini?
4. Mtoto amekunywa chumvichumvi tangu asubuhi na bado anaharisha, lakini anacheza na kukojoa. Je, dawa imeshindwa?

Majibu

1. Chembe za chumvi zimekuwa nyingi nje ya seli za mboga, na maji yametoka kuzifuata.
2. Yatatoka mwilini kwenda tumboni, kwa sababu tumboni ndiko kwenye chembe nyingi. Mwaga mchanganyiko huo na utengeneze mwingine kwa kipimo sahihi.
3. Sukari ya soda ni nyingi mno na itavuta maji kwenda tumboni. Ampe chumvichumvi na chakula chepesi.
4. Haijashindwa. Maji yanarudi mwilini. Endelea kumnywesha, na uwe macho kwa dalili za hatari.

Ndugu mtumiaji, maji hayamjui mtoto wa nani wala hayabagui nyumba. Yataifuata chumvi popote ilipo, yakiingia mwilini au yakitoka. Upande yatakaoelekea unaamuliwa na yule anayeshika pakiti na chupa. Isome pakiti, yapime maji, kisha mpe mwanao.